Mercedes E ya Mtumba: Hitilafu za W211 na Gharama za Kuzitengeneza

Mercedes-Benz E ya kizazi kinachoitwa W211 ilitengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009, na kiwandani yalitoka takriban magari milioni 1.5. Ni ile yenye taa nne za umbo la yai, iliyochukua nafasi ya W210 na baadaye kuipisha W212. Nchini Marekani E320 ya mwaka 2004 iliuzwa ikiwa mpya kwa zaidi ya dola 45,000. Leo gari hilohilo, likiwa limepita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne, mara nyingi hupatikana Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ndogo iliyotumika.

Kilichoshuka hapo ni bei ya gari peke yake. Shokapu ya hewa, pampu ya breki na kontroli boksi ya gia bado vinauzwa kama spea za gari la dola 45,000, kwa sababu ndivyo vilivyobuniwa na ndivyo vinavyotengenezwa. Mnunuzi anayejua hili mapema anaweza kuimiliki W211 kwa furaha ya kweli, maana ni gari tulivu, imara mwilini na lenye kiti kisichomchosha dereva kutoka Dar hadi Mwanza. Asiyejua hulipa bei ya gari mara mbili, na mara ya pili hulipa gereji.

Umri nao ni sehemu ya hesabu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na Uganda tangu mwaka 2018 imeweka ukomo wa miaka 15 tangu gari lilipotengenezwa. Tanzania haijafunga mlango, ila huongeza ushuru wa bidhaa kwa gari lililozidi miaka 8, na kuupandisha zaidi likivuka miaka 10. Kwa hiyo W211 inayouzwa Kenya au Uganda tayari imekula matuta na vumbi la hapa kwa miaka kadhaa, na inayoshuka bandarini Dar es Salaam imezeeka huko Japani au Uingereza. Vyovyote iwavyo, mpira, plastiki na waya za gari hili zina zaidi ya miaka 15, hata kama kilometa kwenye dashibodi ni chache. Sehemu kubwa ya hitilafu zinazoelezwa hapa chini huanzia kwenye mpira, plastiki na waya.

Hitilafu iliyoipa W211 sifa mbaya kuliko zote iko kwenye breki. Magari yaliyotengenezwa kabla ya maboresho ya mwaka 2006 yana mfumo uitwao SBC, ambao Mercedes iliuunda pamoja na kampuni ya Bosch. Katika gari la kawaida mguu wa dereva husukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu, ukisaidiwa na busta. Katika SBC pedali hupeleka taarifa ya umeme tu. Kompyuta husoma dereva amekanyaga kwa kasi na nguvu gani, kisha huamuru vali zigawe shinikizo kwa kila gurudumu kadiri linavyohitaji. Shinikizo lenyewe huzalishwa na pampu ya umeme na kuwekwa tayari katika kitangi chenye gesi. Mfumo ukizimika, kuna njia ya dharura inayounganisha pedali na magurudumu ya mbele pekee. Pedali hushuka chini sana, inahitaji nguvu nyingi, na gari husimama mbali zaidi ya pale dereva alipotarajia.

Mei 2004 Mercedes iliyaita magari yapatayo 680,000 ya E na SL duniani kote kwa ajili ya ukaguzi wa SBC. Machi 2005 ikaita mengine milioni 1.3 kwa sababu mbalimbali za umeme, SBC ikiwemo. Kuanzia maboresho ya mwaka 2006 mfumo huo uliondolewa na breki za kawaida zikarudi. Kwa mnunuzi wa leo hicho ndicho kigezo cha kwanza kabisa cha kutenganisha W211 moja na nyingine.

Pampu ya SBC ina kihesabio ndani yake. Kila breki inapofanya kazi idadi huongezeka, na ikikaribia 300,000 taa nyekundu huwaka na dashibodi humtaka dereva aende gereji. Dereva anayekanyaga breki mara 100 kwa siku hufika huko baada ya miaka 8 hivi. Anayekaa kwenye foleni za Mwenge au Thika Road kila asubuhi na jioni hufika mapema zaidi. Pampu mpya hugharimu kwa kawaida kati ya dola 1,500 na 2,500 kabla ya usafiri, ushuru na ufundi. Zilizofufuliwa na karakana zenye uzoefu wa kazi hiyo hupatikana kwa chini ya dola 1,000. Pampu ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokufa si dawa, kwa sababu huja na hesabu yake ya zamani.

Wapo mafundi wanaokirudisha kihesabio nyuma kwa kompyuta na kuizima taa kwa malipo madogo. Huo ni ufundi wa hatari. Kihesabio kiliwekwa kwa sababu brashi za mota ya pampu huisha na kitangi hupoteza gesi yake. Namba ikirudishwa, brashi hazirudi, na abiria wa gari hilo wanabaki wamepanda kitu ambacho hakuna tena wa kuwaonya juu yake.

Hata kazi ndogo ya kubadilisha pedi ina masharti yake kwenye SBC. Lazima mfumo uzimwe kwanza kwa kompyuta ya uchunguzi. Gari likifunguliwa kwa rimoti au mlango ukivutwa, SBC huamka na kusukuma pistoni za breki kwa nguvu nyingi, na fundi aliyeweka vidole vyake pale anaweza kuvipoteza. Mwenye gari anapaswa kumuuliza fundi wake kuhusu hili kabla ya kumkabidhi funguo.

Baada ya breki, kinachokula pesa nyingi ni Airmatic, yaani sasapensheni ya hewa. E500 ilikuja nayo kama kawaida na kwa matoleo mengine ilikuwa ya kuongezewa kwa malipo, ndiyo maana W211 nyingi hazina na ni vizuri kujua mapema. Kila gurudumu limebeba mfuko wa mpira uliojaa hewa badala ya springi ya chuma, kompresa moja hujaza mifuko yote, na sensa husoma gari liko juu kiasi gani. Mfumo ukiwa mzima, gari hupita juu ya lami mbovu kwa utulivu ambao springi haiwezi kuutoa, na dereva anaweza kulinyanyua kwa kubonyeza kitufe anapokutana na njia mbaya.

Mpira huzeeka, hupasuka nyufa ndogo na kuanza kuvuja. Dalili ya mwanzo ni gari kulala upande mmoja baada ya kuegeshwa usiku kucha, hasa mbele, kisha kunyanyuka lenyewe likiwashwa. Wamiliki wengi hulivumilia hilo kwa miezi, na hapo ndipo gharama inapokuwa mara mbili. Kompresa iliyobuniwa kufanya kazi kwa muda mfupi sasa inapuliza bila kupumzika ili kufidia hewa inayovuja, na mwishowe huungua. Rilei yake nayo hunata, hivyo kompresa mpya ikifungwa na rilei ya zamani inaweza kuungua vilevile. Rilei hiyo ni kitu cha dola chache.

Mfuko mmoja wa mbele, uliofufuliwa na kampuni inayoaminika, huuzwa kati ya dola 400 na 600. Ule wa jina la kiwanda hukaribia dola 1,000. Ipo pia ya bei ya chini sana, ambayo kwa barabara zenye matuta yasiyo na alama mara nyingi haidumu. Kompresa huongeza dola 250 hadi 450. Mfuko wa mtumba haufai kununuliwa kwa bei yoyote, kwani mpira wake una umri uleule na ule unaoondolewa.

Baadhi ya wamiliki huing'oa Airmatic yote na kufunga springi za chuma na shokapu za kawaida. Kwa gari linaloishi kwenye barabara za vumbi huo ni uamuzi wa busara, mradi ufanywe kwenye magurudumu yote manne kwa pamoja, kwa springi zinazolingana na uzito wa injini ya gari hilo, na kompyuta ielezwe kuwa hewa haipo tena. Kinachoonekana mitaani mara nyingi ni springi ya gari jingine iliyokatwa kwa msumeno na kufungwa upande uliokufa tu. Gari hilo huvuta upande mmoja kwenye breki, hula tairi, na ni hatari kwenye kona.

Kabla ya kuhukumu injini, inafaa kujua kuwa jina lililo nyuma ya gari halisemi ukweli wote. E240 ina injini ya sentimita za ujazo 2,597, si 2,400, na forodha hutoza kwa ujazo halisi. E200 Kompressor ina 1,796, ndiyo maana ushuru wake wa bidhaa Tanzania huwa wa kundi la chini kuliko wa zile zinazovuka 2,000.

Injini za V6 za mwanzo, yaani zile za E240 na E320 ziitwazo M112, ni miongoni mwa injini imara zaidi zilizowahi kutoka Stuttgart. Kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo V6 hiyo hudai plagi 12 kwa mara moja, na oili yake ni lita 8, karibu mara mbili ya Toyota Corolla. Hayo ni matumizi ya kawaida wala si ubovu. Hitilafu yake maarufu ni ya sensa ya krankshafti. Gari huzimika likiwa la moto, hukataa kuwaka, kisha huwaka vizuri baada ya nusu saa ya kupoa. Wamiliki wameuziwa pampu za petroli, koili na hata kontroli boksi kwa sababu ya sensa ambayo bei yake haifiki dola 100.

Injini ya E200 Kompressor, M271, ni ya silinda nne na supachaja. Udhaifu wake ni cheni ya taimingi pamoja na gia zinazorekebisha kamshafti. Cheni hurefuka, meno ya gia huliwa, na asubuhi injini ikiwashwa ya baridi husikika mlio wa kukwaruza kwa sekunde mbili au tatu kisha unapotea. Mlio huo ukipuuzwa, cheni inaweza kuruka meno, vali zikagongana na pistoni, na injini ikafa papo hapo. Cheni na gia zake zenye ubora hugharimu takriban dola 400 hadi 800 kabla ya ufundi. Oili sahihi iliyobadilishwa kwa wakati huchelewesha sana tatizo hili. Mercedes huidhinisha oili kwa namba zake yenyewe, na kwa injini hizi za petroli namba ya kutafuta kwenye kopo ni MB 229.5. Kopo lenye picha ya Mercedes lisilo na namba hiyo halina uthibitisho wowote.

Injini inayostahili tahadhari kubwa ni M272, V6 iliyokuja na E350 na baadaye E280 na E300. Ndani yake kuna shafti ya kusawazisha mtikisiko, na kwenye injini za mwanzo gia ya shafti hiyo ilitengenezwa kwa chuma laini kuliko ilivyotakiwa. Meno yake huisha, cheni hupoteza taimingi, na taa ya injini huwaka. Gia yenyewe si ghali sana. Ghali ni kuifikia, kwa sababu injini lazima ishushwe na kufunguliwa, kazi inayozidi saa 20 kwa fundi anayejua anachofanya. Nchini Marekani wamiliki walilipa dola 4,000 hadi 6,000 kwa kazi hiyo, na suala hilo likafika mahakamani. Injini zilizotengenezwa baadaye zilipewa gia ngumu zaidi. Mpaka unaotambuliwa ni namba ya injini: zile zinazoanza na 2729 na zenye namba ya mfululizo iliyo chini ya 30 468993 ziko kwenye kundi la hatari. Namba hiyo imepigwa kwenye injini yenyewe na inasomeka kwa tochi. E500 ya mwisho, yenye injini ya V8 M273, ina tatizo la jamii hiyo kwenye gia nyingine ya cheni. E500 ya awali, yenye injini M113 ya lita 5, haina.

Kwenye M272 pia huvuja oili kupitia sumaku za kamshafti zilizo mbele ya injini, na oili hiyo hutembea ndani ya waya kama maji kwenye utambi hadi kufika kwenye sensa na kontroli boksi. Kukagua soketi za sumaku hizo ni kazi ya dakika tano, na soketi yenye unyevu wa oili ni onyo la mapema.

Upande wa dizeli, E220 CDI ndiyo iliyobeba teksi za Ujerumani kwa miaka, nyingi zikipita kilometa laki kadhaa bila kufunguliwa injini. Huwa inavuja kwenye washa za shaba zilizo chini ya injekta. Husikika mlio wa pumzi ikitoka kwa mdundo, na lami nyeusi hujaa juu ya injini. Washa ni za bei ndogo, ila injekta iliyogandishwa na lami hiyo huweza kukatika wakati wa kutolewa. Dizeli ya V6, OM642, hupoteza oili kwenye sili za kipozea oili kilichozama katikati ya V. Sili hazifiki dola 50, na kazi ya kuzifikia huzidi saa 10 kwa sababu turbo na manifoldi lazima vitoke kwanza. Magari ya dizeli yaliyofanya kazi Afrika Mashariki kabla ya mwaka 2015, nchi za Jumuiya zilipohamia dizeli yenye salfa ndogo, yalichomewa mafuta machafu kuliko yaliyokusudiwa, na hilo huonekana kwenye vali ya EGR iliyojaa masizi.

Giaboksi ya otomatiki ya gia tano, 722.6, hudumu sana ikitunzwa. Awali kiwanda kilisema mafuta yake hayahitaji kubadilishwa maisha yote ya gari, kauli iliyoharibu giaboksi nyingi kabla ya kubadilishwa. Kubadilisha kila kilometa 60,000 ni desturi salama. Soketi ya waya inayoingia kwenye giaboksi huvuja, na mafuta hupanda kwa waya hadi kwenye kontroli boksi. Soketi hiyo ni ya dola zisizozidi 20. Jambo zito zaidi linahusu rejeta za Valeo zilizofungwa kwenye magari ya awali, hadi mwishoni mwa mwaka 2003 hivi. Kipozeo cha mafuta ya gia kilichomo ndani ya rejeta hizo huweza kupasuka, maji ya rejeta yakachanganyika na mafuta ya gia, na gari likaanza kutetemeka linapokwenda taratibu. Rejeta yenye maandishi ya Valeo kwenye W211 ya 2002 au 2003 ibadilishwe kabla haijapasuka. Bei ya rejeta ni sehemu ndogo tu ya bei ya giaboksi.

Giaboksi ya gia saba, 722.9, ina kompyuta yake ndani ya mafuta, na sensa za mwendo zilizochomelewa kwenye kompyuta hiyo hufa. Gari hubaki kwenye gia moja ili kujilinda na dereva hulazimika kutambaa hadi gereji. Kifaa kizima kikibadilishwa hugharimu dola 800 hadi 1,500 pamoja na kuandikwa upya. Kifaa hiki kimefungwa kwa namba ya chesisi kama kinga ya wizi, kwa hiyo cha mtumba hakiwezi kuchomekwa na kufanya kazi. Wapo mafundi wa elektroniki wanaohamisha taarifa za kile cha zamani kwenda kipya, au kubadilisha sensa pekee, na hao huokoa pesa nyingi.

Umeme wa W211 hutegemea volti zilizotulia. Betri kuu iko kwenye buti, na magari yenye SBC yana betri ya pili ndogo kwenye chumba cha injini. Moja ikidhoofika, dashibodi huonyesha makosa ya breki, hewa na usukani kwa wakati mmoja, yote ya uongo. Ndiyo maana fundi mwaminifu hupima betri zote mbili na alteneta kabla ya kugusa kingine. Adui mwingine ni maji. Mipira ya taa za nyuma ikichoka, mvua hushuka ndani ya buti, kwenye betri na masanduku ya fyuzi yenye kompyuta ndogo. Zulia la buti linapaswa kunyanyuliwa siku ya ukaguzi, na kutu chini yake ni sababu tosha ya kushusha bei kwa kiasi kikubwa.

Mikono ya mbele, boljointi na bushi zake huisha kama za gari lolote, mapema zaidi kwenye matuta. Seti nzuri ya pande zote mbili huanzia dola 300. Lemförder ndiyo inayosifiwa na mafundi, na bandia zake ni nyingi.

Spea za W211 Afrika Mashariki hufika kwa njia tatu. Ya kwanza ni wakala rasmi, ambaye bei yake ni ya juu na kifaa chake hakina shaka. Ya pili ni kampuni zinazokitengenezea kiwanda vifaa hivyohivyo na kuviuza kwa majina yao: Bosch, Bilstein, Lemförder, Mann, Behr. Hapo ndipo pesa ya mwenye gari inapofanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa kifaa mara nyingi ni kilekile bila nyota kwenye boksi. Ya tatu ni mtumba, mwingi ukitoka kwenye yadi za Sharjah na kuishia Kariakoo, Gerezani au Kirinyaga Road. Mtumba unafaa kwa milango, taa, viti, vioo, rimu na hata injini nzima ya M112. Haufai kwa kitu chochote cha mpira, kwa pampu ya SBC, wala kwa kompyuta zilizofungwa kwa chesisi.

Gharama ambayo wamiliki wengi huikwepa, kisha ikawarudia, ni ya uchunguzi. Vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu huona injini peke yake. Haviioni SBC wala Airmatic, na kwenye sasapensheni ya hewa fundi asiye na kompyuta ya Mercedes anabahatisha kwa pesa ya mteja. Saa moja kwenye mashine sahihi ni nafuu kuliko kifaa kimoja kilichobadilishwa kwa kukisia. Mtu anayetaka W211 aanze kwa kumtafuta fundi mwenye mashine hiyo, kisha ndipo atafute gari.

Ukaguzi wenyewe uanze injini ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyelipasha gari moto kabla mnunuzi hajafika ameficha mlio wa cheni, kwa kujua au kutojua. Namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida huanza na WDB211, isomwe pia, kwa sababu kwa namba hiyo inapatikana orodha ya vifaa vyote ambavyo gari lilitoka navyo kiwandani. Msimbo 489 kwenye orodha hiyo maana yake ni Airmatic, na kama gari sasa lina springi, muuzaji ana maelezo ya kutoa. Kisha isomwe hesabu ya SBC, isomwe namba ya injini, gari linyanyuliwe kwa kitufe na kuachwa limeegeshwa kwa saa kadhaa, liendeshwe hadi lipate moto, lizimwe na kuwashwa tena. Kubadilisha gia kusiwe na mshtuko, hasa kati ya ya pili na ya tatu. Mwenye gari akikataa kuliacha lipimwe kwa mashine, mazungumzo yaishie hapo.

Kila kasoro iliyopatikana ikatwe kwenye bei kwa gharama yake halisi, pamoja na usafiri na ushuru wa spea. Juu ya bei ya kununua, mwenye W211 aweke kando angalau dola 1,500 kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu wamiliki waliotangulia mara nyingi huuza pale matengenezo makubwa yanapokaribia. Anayelazimika kutumia akiba yake yote kununua gari lenyewe hana uwezo wa kulimiliki, hata kama bei ameimudu.

Kwa mazingira ya Afrika Mashariki, W211 ya kuchagua ni iliyotengenezwa baada ya maboresho ya 2006, yenye springi za chuma, na injini ya E220 CDI au E200 Kompressor ambayo cheni yake imeshabadilishwa na risiti ipo. Inayoifuata ni E240 au E320 ya zamani yenye injini M112, rejeta mpya, na pampu ya SBC ambayo hesabu yake imesomwa mbele ya mnunuzi. E350 ambayo namba ya injini yake iko kwenye kundi la hatari na isiyo na uthibitisho wa gia ya shafti isinunuliwe, hata kama rangi yake inang'aa na muuzaji ana haraka ya kusafiri.